Makopo Yaliyoogeshwa

Tok!

Bibi alifumbua macho gizani. Jogoo wa jirani alikuwa bado hajawika. Upande wa pili wa ukuta kitu chembamba kilikuwa kinaviringika sakafuni, kriii, kriii, kikazunguka kidogo kama sarafu, kisha kikalala.

"Mzee, umesikia?"

"Panya," akasema Babu bila kufumbua macho.

"Panya gani anayefungua kopo la rangi?"

"Panya mwenye shida zake."

Lakini aliinuka, maana harufu ilikuwa imeshapenya chini ya mlango, harufu ya yai lililosahauliwa. Akamwambia mkewe abaki hapo hapo kitandani asije akakanyaga kitu, akachukua tochi na kwenda mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa tangu ujana: mkaidi kama kwato, lakini penye giza hutangulia yeye. Aliporudi, nyusi moja ilikuwa nyeupe kama kawaida yake na ya pili ilikuwa ya kijani.

"Si panya," akakiri.

Kumbe kopo la rangi ya kijani lilikuwa limechacha, likajaa hewa, likatema kifuniko chake. Na Babu alipoinama kulichungulia, lilikuwa halijamaliza kutema.

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akakumbuka ni siku gani, na kicheko kikakatika katikati kama uzi.

"Mzee, leo ni Jumamosi."

"Najua."

"Mtoto wako anakuja leo."

"Najua, mama watoto. Najua."

Babu alikuwa fundi rangi maisha yake yote ya kazi, na kila nyumba aliyoipaka alirudi nayo kidogo. Rangi iliyobaki haitupwi, alisema; ni akiba ya nyumba ile, siku ukuta ukichubuka mwenye nyumba ataihitaji. Akaihamishia kwenye chochote kilichokuwa karibu: kopo la maziwa, chupa ya jemu, kindoo cha siagi. Thina, ile ya kuzimulia rangi, aliitia kwenye chupa za maji ya kunywa. Kila chombo akakibandikia kikaratasi na kuandika kwa penseli ni rangi gani na ni ya nani. Miaka ikapita. Wenye nyumba wakapaka upya kwa mafundi wengine, nyumba nyingine zikabomolewa, na akiba yao ikabaki imejipanga mpaka darini katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha binti yao, pamoja na betri zilizovuja, taa ndefu zilizoungua na dawa ya mende ambayo mende wenyewe walikuwa wameshaisahau.

"Akiba haiozi," Babu alikuwa anapenda kusema. Sasa imeoza, tena imemtemea.

Bibi angeweza kuishi na makopo yale mpaka kaburini, maana alikuwa mvumilivu. Lakini binti yao alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na alitaka kuja kukaa naye kwa mama yake mpaka mtoto apate shingo. Hilo lilimfurahisha Bibi kiasi kwamba alikuwa anaongea peke yake jikoni. Tatizo lilikuwa mkwe. Safari yao ya mwisho, mkwe aliona kiu, akaiona chupa ya maji juu ya rafu, akaifungua na kuinyanyua. Ilikuwa thina. Bibi ndiye aliyeiwahi. Kofi lilitoka lilikotoka, chupa ikapita dirishani, na mkwe akakaa chini taratibu kama mtu aliyeitwa na ardhi. Tangu siku ile, akipewa maji popote anaishika glasi kwa mikono miwili na kuinusa kwanza.

Kwa hiyo binti alisema kwenye simu, kwa sauti ya upole, ambayo ndiyo sauti yake mbaya kuliko zote: "Mama, nakuja na mtoto mchanga. Nikikuta kopo hata moja kwenye nyumba hiyo, nageuza teksi, naenda kwa mama mkwe."

Bibi hakuwa na neno na mama mkwe wa binti yake. Mwanamke mwema, msafi, mcheshi, tena ana bafu lenye maji ya moto. Na hapo ndipo penye hofu. Mzazi akishaonja maji ya moto, utamwambia nini arudi?

"Leo," akasema Bibi. "Lile eneo la halmashauri wanakopokea taka za sumu lipo wazi Jumamosi mpaka adhuhuri. Uliniambia wewe mwenyewe."

Babu aliipapasa nyusi yake ya kijani. Mtu mwenye nyusi ya kijani hana hoja.

"Leo," akaitikia.

Akatoka kwenda kwa jirani kuomba gari, na Bibi akabaki na makopo.

Aliyatoa nje moja moja, akayapanga juu ya gunia uani, akayatazama kulipokuwa kunapambazuka. Yalikuwa yanatia aibu. Vumbi, utando wa buibui, michirizi iliyoganda. Sasa, Bibi alilelewa na mama aliyemfundisha kwamba chombo hakiendi kwa watu kikiwa kichafu. Hata ukirudisha sufuria ya kuazima, unaisugua mpaka mwenyewe aulize kama ndiyo yake. Akafikiri: halmashauri nao ni watu. Akavaa glavu zake za kufulia, akajaza beseni maji ya sabuni, akahakikisha kila kifuniko kimekaza, akaanza kuogesha.

Aliogesha kwa moyo wote. Alisugua matako ya makopo, alisugua mashingo ya chupa. Jua lilipochomoza, makopo yalikuwa yanang'aa kama vikombe vya wageni, na Bibi alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni, anayaonea fahari.

Babu aliingia uani akiwa na jirani. Akasimama.

"Umefanya nini?"

"Nimeyaogesha."

"Vikaratasi viko wapi?"

Bibi alitazama beseni. Vikaratasi vilikuwa vinaelea humo, vimejikunja kama maganda ya vitunguu. Babu aliinama akaokota kimoja. Kikamomonyoka mkononi.

"Mama watoto," akasema kwa sauti ndogo. "Umewafanya mayatima. Hakuna hata mmoja anayejua baba yake."

"Baba yao si wewe?"

Jirani alicheka mpaka akaegemea ukuta. Jirani huyu alikuwa na pikapu, na mtaa mzima ulimwita Polepole, kwa sababu aliendesha gari kana kwamba kuna mtoto amelala chini ya kila tairi. Bibi alikuwa hajawahi kumwomba lifti, maana kwa miguu alikuwa anafika mapema zaidi. Lakini leo alimwona akirudi kwake mbio, akatoka na godoro lake kuukuu, akalitandika nyuma ya gari. Akasimamisha makopo wima ndani ya makreti, akasokota magazeti na kuyashindilia katikati ili chupa zisigongane, akafunga kamba, akaitikisa, akafunga tena. Mkewe alitoka kushangaa, na Bibi akamwachia ufunguo wa nyumba.

"Dada, nifungulie madirisha yote. Na sakafu ya kile chumba—"

"Nitapiga deki," akasema mke wa Polepole. "Nenda, dada. Nenda kabla huyu hajawasha gari, maana akishawasha ndiyo basi, hamfiki."

Na kweli. Walitoka mtaani kwa mwendo wa harusi ya konokono. Polepole alikuwa ametoa kichwa dirishani anapiga kelele: "Tupisheni jamani, tumebeba sumu! Tupisheni, sumu hiyo!" Watu wakaruka mitaro. Hata mbwa aliyekuwa amelala katikati ya njia, ambaye hajawahi kumpisha mtu, alinyanyuka akaondoka akitazama nyuma. Kisha mtu mwenye toroli la matofali akawafikia, akawasalimia vizuri, akawapita.

"Mwanangu," akasema Bibi, "huwezi kuongeza kidogo?"

"Mama, haraka ya kubeba sumu ndiyo inayoitwa ajali."

Bibi akageuka. Alitazama nyuma kupitia kioo akaona hakuna hata kopo moja lililoinama. Akamwombea heri kimoyomoyo, na akaendelea kulitazama jua kwa jicho la pembeni.

Eneo lenyewe lilikuwa uwanja wenye uzio, mapipa makubwa yaliyopangwa kwa rangi zake chini ya paa la mabati, na kibanda kidogo cha tofali tupu. Mbele ya kibanda alikaa msimamizi, mtu wa makamo mwenye tumbo lililokuwa linagombana na aproni yake ya plastiki. Alikuwa amevaa glavu ndefu mpaka viwikoni na miwani mikubwa, amejiandaa kamili, na hapakuwa na mtu mwingine hata mmoja. Alipoona gari linakata kona, alisimama. Akakimbilia geti. Lilikuwa wazi, akalifunga kwa pupa, akashtuka, akalifungua tena.

"Karibuni! Karibuni sana! Shikamooni wazee wangu! Mmeleta sumu?"

"Marahaba. Tumeleta," akasema Babu.

"Jamani!" akasema msimamizi, kama mtu aliyeletewa zawadi.

Aliufuta ubao wa benchi kwa kiwiko akamkalisha Bibi kivulini, akasogeza na kopo tupu miguu yake ipate pa kuegemea. Betri akazipokea kwa ndoo. Taa ndefu akazibeba kama anabeba malaika, maana zikivunjika, alieleza, ndani yake kuna vumbi baya. Dawa ya mende akaifunga kwenye mfuko na kuandika tarehe. Kisha akafika kwenye makopo, akayageuza geuza, na uso wake ukaanguka.

"Mbona hayana jina?"

Babu alimtazama Bibi. Bibi alitazama mbali.

"Yameoga," akasema Babu.

Msimamizi alivua miwani. "Mzee wangu, rangi ya maji inakwenda pipa la bluu, ya mafuta pipa jekundu, thina peke yake kule mwisho. Nikichanganya, naweza kuondoka hapa na paa. Kisichojulikana siruhusiwi kukipokea mpaka mtaalamu wa maabara aje kupima."

"Anakuja lini?" akauliza Bibi.

"Mwezi ujao, mama."

Bibi alihisi moyo wake unashuka mpaka kwenye kandambili. Mwezi ujao! Makopo yarudi nyumbani, na mjukuu aende kwenye maji ya moto. Na kosa ni lake, yeye na beseni lake. Machozi yalimlenga. Polepole aliliona hilo, akamsogelea, akasema taratibu, "Mama, ikibidi nitazunguka nayo mjini mwezi mzima. Kwa mwendo wangu si mbali."

Bibi akacheka na machozi yake.

"Hapana," akasema Babu. Alikuwa amejinyoosha, nyusi ya kijani juu. "Mimi nayajua yote. Moja moja."

Akalitwaa kopo la kwanza, akalifungua kifuniko na kuipeleka pua.

"Pua mbali!" akapiga kelele msimamizi, akiruka kama golikipa. "Mzee, ukinusa tena nakutoa nje! Sema kwa macho."

Babu akarudi nyuma kidogo na kuiangalia rangi. Kahawia iliyoiva. Uso wake ukalainika.

"Mafuta. Hii ni milango ya daktari wa meno. Nilipaka ile milango mara kwa mara, maana wagonjwa walikuwa wanaing'ang'ania hawataki kuingia."

Msimamizi alichovya kijiti, akakitia kwenye mtungi wa maji na kukoroga. Maji hayakubadilika, rangi ilining'inia kwenye kijiti kama kamasi.

"Mafuta!" akasema, akapiga makofi kwa glavu zake: bwaf, bwaf. "Pipa jekundu. Ehe, na hili?"

"Maji. Chumba cha maharusi. Waliachana kabla ukuta haujakauka."

Kijiti kikaingia, maji yakageuka maziwa ya waridi. Bwaf, bwaf.

"Waliachana kwa nini?"

"Kwa rangi hiyo hiyo. Mume alisema ni waridi, mke akasema ni nyama ya ulimi."

"Na wewe ulisema nini?"

"Mimi nilisema nilipwe."

Msimamizi alicheka mpaka miwani ikashuka. Basi hapo ndipo kazi ilipopata balaa jingine. Babu alikuwa amepata masikio, na masikio yalikuwa yamepata hadithi. Kila kopo likawa na nyumba, kila nyumba ikawa na watu, na kila mtu akawa na kituko. Kulikuwa na mwalimu aliyetaka "rangi ya kunyamaza". Kulikuwa na tajiri aliyepakiwa choo cha ndani mchana kutwa huku yeye mwenyewe yumo ndani, mgonjwa wa tumbo, hataki kutoka wala hataki kazi isimame. Msimamizi akiishiwa kicheko anauliza, "Ikawaje?" na Babu anakaa chini kumwambia ikawaje.

"Mzee!" Bibi akaita kutoka kwenye benchi. "Adhuhuri!"

"Dakika, mke wangu. Bado nimo chooni."

Simu ya Bibi ikalia. Alikuwa binti. "Mama, tuko njiani. Mko nyumbani?"

"Tuko... tuko karibu kumaliza."

"Baba yuko wapi?"

Bibi aliangalia. "Anaagana."

"Anaagana na nani?"

"Wewe njoo, mwanangu."

Akakata, akasimama, akavaa glavu zake na kwenda kushika makopo mwenyewe. Sasa mambo yakaenda. Bibi ananyanyua, Babu anataja, msimamizi anachovya, Polepole anapeleka kwenye pipa kwa mwendo wake, na akifika anaulizwa kama alipitia kwao. Chupa za thina zilipofika, msimamizi alizishika juu akazitazama kwenye mwanga. Safi kabisa, kama maji ya chemchemi. Hakumgombeza Babu. Alisema tu, polepole, "Mzee wangu, hizi ndizo zinazoniamsha mimi usiku." Na Babu, ambaye hukubali kosa mara chache sana, aliinamisha kichwa, akasema, "Nusura nimuue mkwe wangu." Akazipeleka kule mwisho mwenyewe, kwa mikono miwili.

Likabaki kopo moja. La maziwa, dogo, limeshika kutu ukingoni. Babu aliligeuza. Akafungua, akaangalia rangi ya njano iliyopauka, akafunga, akafungua tena.

"Hili..." akasema. Akalisogeza kwenye mwanga.

"Mzee?" akauliza msimamizi.

"Hili silijui."

Paa la mabati lililia kidogo kwa joto. Msimamizi alitazama saa, akamtazama Bibi, akageuza uso. Kuona yule mtu mwema anatafuta njia ya kukataa bila kuumiza kulimuuma Bibi zaidi. Akalichukua kopo.

"Huna haja ya kulijua," akamwambia mumewe. "Nyumba za watu ndizo unazozikumbuka. Hili ni letu. Ni kile chumba. Nilikuwa na mimba ya huyu anayekuja leo, nimeshika ngazi, na wewe uko juu unaniambia nisiinue kichwa nisije nikadondokewa. Uliniwekea mwavuli. Ndani ya nyumba, mwavuli! Ni rangi ya maji."

Msimamizi akachovya kijiti. Kijiti kikasema *ko*. Akagonga tena. *Ko, ko.*

"Mama," akasema, "hii si rangi tena. Hili ni jiwe. Rangi ya maji ikishakauka hivi haina madhara, unaitupa na taka za kawaida. Siku nyingine ikibaki kidogo ichanganye na mchanga au unga wa mbao, iache wazi mbali na watoto mpaka ikauke, basi. Ila usiimwage mferejini. Na ikiwa bado nzima, mpe mwenye ukuta." Akalirudisha kopo kwa Babu. "Ukipenda, rudi nalo."

Babu alilishika. Bibi hakusema neno. Alijua kama angesema, Babu angelipeleka pipani kwa kuwa ameamriwa, na lingemuuma kwa miaka. Polepole alijifanya anakagua tairi.

"Alisema kopo hata moja," Babu akasema mwishowe.

"Alisema."

"Hata la maziwa."

"Hata la maziwa, mzee."

Akalitazama mara moja tena, akalidondosha kwenye pipa la taka za kawaida. Likatoa mlio mkubwa kuliko umbo lake. Bibi akamshika mkono, glavu kwa glavu, na simu ikalia.

"Mama." Binti alikuwa ananong'ona. "Tumefika. Jirani ametufungulia."

"Mwanangu, tunakuja, usiende popote, sisi—"

"Mama, hebu nisikilize. Nimesimama chumbani kwangu. Kinanuka sabuni. Dirisha liko wazi, hakuna kopo. Mume wangu amenusa kila kona kwa zamu, hata chini ya godoro. Mtoto amelala. Ukuta bado wa njano, Mama. Nilikuwa nimesahau kama ni wa njano."

Bibi alikaa kwenye benchi.

"Tunakaa?" akauliza.

"Tunakaa. Njooni basi mumwone. Ila mwambie Baba aoge kwanza. Jirani ametuambia habari za nyusi."

Hapo Bibi akasimama kama msichana. Glavu zikavuliwa, mikono ikanawishwa kwa sabuni kwenye bomba la uwanjani, na nyusi ikasuguliwa na Bibi mwenyewe kwa ncha ya khanga mpaka Babu akalia kama mbuzi, lakini kijani kikakataa kutoka. "Mjukuu ataniona hivi hivi," akasema Babu. "Ajue babu yake alikuwa fundi." Wakapanda gari. Polepole aliwasha, na kwa heshima ya mtoto mchanga akaahidi kwamba leo atatia gia ya pili.

Msimamizi alishika geti kwa glavu zote mbili. Uwanja nyuma yake ulikuwa kimya tena, mapipa na benchi na kibanda cha tofali tupu. Alitembea pembeni ya gari hatua kadhaa, jambo ambalo kwa gari lile halikuwa gumu, mpaka akafika usawa wa dirisha la Bibi.

"Mama," akasema, "hongereni kwa mjukuu. Na yule tajiri, mzee hajanimalizia, alitoka chooni au hakutoka?"

"Ni hadithi ndefu!" Babu akaita kutoka upande wa pili.

"Basi mje tena," akasema msimamizi, akiwa bado anatembea, mkono kwenye ukingo wa dirisha. "Mimi nipo kila Jumamosi. Hata kama hamna sumu, jamani. Njooni tu."